Mama Gesi wa Kibosho

Wanafunzi ndio waliomwita Mama Gesi. Siku alipolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alikuwa anapita nyuma ya bweni. Wasichana wawili waliokuwa wanafua wakaganda na sabuni mikononi, wakijua wamekwisha. Yeye akashika ukuta, akacheka mpaka kilemba kikamdondoka.

"Afadhali hilo," aliwaambia. "Nilidhani mtaniita Mama Mawe."

Tangu hapo hakuna aliyemwita vinginevyo, hata paroko, hata akina mama wa soko la Kiboriloni, ambao gesi waliyoijua ni ile ya maharage tu. Ukitamka jina lake kule sokoni walishika matumbo kwanza, ndipo wakuulize hajambo.

Mimi nilikuwa mpiga chapa wa shule ile ya wasichana pale Moshi. Nyumbani tulikuwa majirani, kihamba kwa kihamba, yaani shamba kwa shamba, migomba yake na yangu ikigombania jua lile lile. Asubuhi tulishuka pamoja kwa miguu hadi barabara kubwa, jioni tukapanda pamoja, na katika safari hizo nilisikia zaidi kuhusu chini ya bahari kuliko mtu yeyote wa Kibosho anavyohitaji kusikia.

Alikuwa amesomea miamba katika nchi za baridi, na huko huko akafanya kazi kwenye ofisi iliyokadiria mafuta na gesi iliyomo chini ya bahari. Aliporudi, enzi zile ambazo kila msomi alisubiri barua ya kupangiwa kazi, akapangiwa kufundisha jiografia Moshi. Yeye alisimulia kwamba karani aliyeshika faili lake aliona neno "miamba" akafikiria milima, na milima iko Kilimanjaro. Sina hakika kama ni kweli. Alikuwa mtu wa kutia chumvi katika kila kitu isipokuwa gesi.

Halafu kule kusini, baharini, gesi ikapatikana. Ofisi moja Dar es Salaam ikakumbuka kwamba kuna mwanamke mahali fulani mlimani anayejua kusoma zile karatasi. Kuanzia hapo, kila likizo ndefu, ama yeye aliitwa Dar, ama karatasi zilipandishwa basi zikamfuata.

Kazi yenyewe alinieleza siku ya kwanza tu, na sikuisahau. Baharini kulikuwa na visima vilivyokwisha kuchimbwa, na juu yake yamesimama majukwaa ya chuma, kama meza zenye miguu mirefu ndani ya maji. Kandokando ya majukwaa hayo, chini kabisa ya sakafu ya bahari, ilidhaniwa iko mifuko mingine ya gesi ambayo hakuna aliyeigusa. Yeye alitakiwa kusema: huu una kitu, huu hauna, huu uunganisheni kwa bomba na jukwaa lililopo, huu uacheni ulipo.

Mkuu wetu wa shule, mama mrefu, mkali, ambaye hata paka wa jikoni alimwamkia, hakuelewa kwa nini mtu ahangaike na mifuko midogo. Alimwita ofisini. Mimi nilikuwa mle naandika ratiba ya mitihani.

"Mwalimu, nasikia mnatafuta gesi ndogondogo. Si mtafute kubwa?"

"Mkuu, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Nijibu."

"Umekodi gari la kushusha ndizi zako Kiboriloni. Limeshafika, dereva ameshakunywa chai yako. Jirani yako ana mikungu miwili imelala pale barabarani. Utaiacha?"

"Niiache ya nini? Gari si lipo."

"Na ng'ambo ya korongo kuna mtu ana mikungu hamsini, lakini daraja hakuna."

Mkuu akafikiri. "Hiyo itaozea huko huko."

"Basi umekuwa mtaalamu wa gesi, Mkuu. Nikienda Dar nitawaambia wakuajiri."

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kufikiri, na aliipeleka kila mahali. Kijana wa ukoo wao alipoleta habari za mchumba, shangazi wengine waliuliza ni wa dhehebu gani na anasoma wapi. Yeye aliuliza, "Usiniambie ni mzuri kiasi gani. Niambie yuko karibu na nini." Kijana akasema anakaa jirani na dada yake. "Oa," alisema. "Usafiri upo."

Alikuwa na tabia nyingine iliyotutia wazimu. Huko ofisini kwao mtu haruhusiwi kutoa jibu moja. Hutoa matatu: la chini, ambalo una hakika halitapungua; la kati, unaloliamini; na la juu, ambalo ni la ndoto. Tabia hiyo alirudi nayo nyumbani kama mtu aliyerudi na malaria. Ukimuuliza wageni wa kipaimara watakuwa wangapi, anajibu, "Hawapungui thelathini, nadhani hamsini, na wakisikia kuna pombe ya mbege ya wifi yangu, mia." Ukimuuliza atafika saa ngapi, anakupa saa tatu, saa nne na saa saba, na anafika saa saba. Paroko alimuuliza katika mafundisho ya watu wazima mbinguni wataingia watu wangapi. Akaanza, "Hawapungui..." Paroko akafunga kitabu.

Lakini huyo huyo, aliyejua kilichomo chini ya bahari, bahari yenyewe aliiogopa kama chui. Hakujua kuogelea. Hata daraja la magogo la kwetu, ambalo mbuzi walivuka wakitafuna, alilipita amefumba macho na kunishika mshipi wa gauni. Walipompeleka jukwaani kule kusini mara ya kwanza, mashua ilifika chini ya lile jukwaa, na akakuta ngazi hakuna. Watu walinyanyuliwa kwa winchi ndani ya kitu kama kikapu cha kamba.

"Wakaniambia, mama, shika kamba, simama pembeni," alisimulia. "Pembeni! Mimi niliingia katikati nikakaa chini kama kuku wa kwenda sokoni. Kikapu kikapanda. Nilisali rozari nzima kwa pumzi moja, matendo yote, na ya Jumamosi nikachanganya na ya Ijumaa. Nilipofumbua macho niko juu, mabaharia wamevua kofia. Walidhani nawaombea wao!"

Hakuweza pia kumwelekeza mtu njia. Hilo lilikuwa ajabu kubwa kuliko yote. Angeweza kukuonyesha kwa kidole tabaka la mchanga uliolala chini ya bahari tangu kabla ya mtu kuwapo duniani, halafu ukamuuliza kwake ni wapi akakwambia, "Ukifika kanisani kata kulia." Kanisa lipi? Huku kwetu kila kilima kina kanisa. Wageni wake walipotea kwa zamu, na wengine tuliwasikia tu kwamba walikaribishwa chakula kwa watu wengine wakarudi zao.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe ambalo nikimkumbuka ndilo linalonijia kwanza.

Ilikuwa likizo ya Desemba, mvua ndogo zimechelewa na zimekuja zote kwa pamoja, na dukani hakuna sukari, hakuna sabuni, hakuna viberiti. Basi la Dar lilishusha sanduku la bati limeandikwa jina la shule yetu. Ndani yake mlikuwa na karatasi ndefu zilizoviringishwa kama mikeka, zina mistari myeusi elfu na elfu, inayopanda na kushuka. Hizo ndizo picha za chini ya bahari. Meli hupita juu ikipiga mshindo, na mwangwi unaorudi kutoka kwenye miamba huchorwa mistari. Pamoja nazo ilikuja barua: atathmini mifuko mitano iliyo jirani na jukwaa, aandike taarifa, na afisa atakuja kuichukua mwenyewe siku ya Alhamisi ya wiki ya pili.

Mkuu akatupa ukumbi wa shule. Mwalimu alitandaza karatasi sakafuni kuanzia mlangoni hadi jukwaa la ukumbi, akazikandamiza kwa maparachichi ili zisijikunje, na mimi nikaweka taipureta yangu juu ya meza ya kwaya. Alitambaa juu ya picha zile kwa magoti, penseli ya rangi mdomoni, na nyingine sikioni, na miwani akiitafuta wakati imo usoni.

Mifuko yenyewe kwenye barua ilikuwa na herufi na namba tu. Alisema hawezi kufanya kazi na vitu visivyo na majina. Akaipa majina ya watu na vitu vya pale shuleni. Mdogo kabisa, uliolala karibu kabisa na jukwaa, akauita Mpishi. Mwingine Kengele, mwingine Bwana Stoo, mwingine Paroko. Na ule mkubwa kuliko yote, uliokuwa mbali kidogo, mpana, wa kutisha, akauita Mkuu wa Shule.

Huo Mkuu wa Shule ulikuwa fahari yake. Miaka mitatu nyuma, kwa kutumia nakala aliyotumiwa, yeye ndiye aliyewaambia watu wa Dar kwamba una gesi nyingi. Wakubwa walifurahi. Ilisemekana mipango yote ya kuleta bomba nchi kavu ilikuwa inautegemea mfuko ule. Na yeye aliwaambia wote waliotaka kusikia na wasiotaka. Kiboriloni walikuwa wanamuuliza, "Mama Gesi, ile kubwa yako haijambo?" naye anajibu, "Imelala, inanenepa."

Alinifafanulia kwa nini anauamini. Katika mwamba ule wenye vitundu kama sifongo, gesi ni nyepesi hivyo hupanda juu, na maji hukaa chini yake. Kwenye kisima cha jukwaani walishajua maji yanaanzia kina gani. Mkuu wa Shule ulikuwa chini ya kina hicho. Kwa kawaida basi ungejaa maji matupu, isipokuwa kama kuna ufa kwenye mwamba unaoutenga na kisima, ukawa na hesabu yake yenyewe ya gesi na maji. Na ufa huo aliuona: mstari mmoja mnyoofu, umekata tabaka zote kutoka juu hadi chini.

Siku ya Jumanne, siku mbili kabla ya afisa kuja, aliniambia niandike kwamba ufa upo. Mimi macho yangu ni ya mpiga chapa. Kazi yangu maisha yote ni kulinganisha karatasi mbili nione ipi ina kosa. Nikashuka sakafuni na ile nakala yake ya zamani, nikaiweka kando ya karatasi mpya iliyotoka sandukuni, ambayo ndiyo asili yake.

"Mwalimu," nikamwambia, "huku ufa upo. Huku siuoni."

"Vaa miwani, Mama Manka."

"Mimi sina miwani. Wewe ndiye unayo."

Akaja kwa magoti. Akaangalia. Akasogeza parachichi. Akainama mpaka pua ikagusa karatasi, akaenda kwenye nakala, akarudi kwenye asili. Kisha akaichukua nakala na kuikunja taratibu kwa kufuata ule mstari. Ikakunjika sawasawa katikati, na tena sawasawa katika robo, mstari ukaangukia kwenye mstari mwingine hafifu ambao hatukuwa tumeuona.

Mtu fulani, sijui nani, sijui lini, aliikunja ile karatasi ya asili kabla ya kuitolea nakala. Mkunjo, ambao kwenye asili hauna wino, ukatoka kwenye nakala kama mstari mweusi.

Mama Gesi alikaa kitako sakafuni. "Nimepima mkunjo," alisema kwa sauti ndogo. Halafu kwa sauti kubwa: "Mama Manka! Nimepima mkunjo! Nimeiahidi nchi nzima gesi ya mkunjo!"

Akaanza kucheka. Nami nikaanza. Tulicheka mpaka tukalala chali juu ya bahari ile ya karatasi, maparachichi yakibingirika hadi chini ya viti, na mlinzi akachungulia dirishani akaenda zake haraka. Nilipojifuta machozi nikaona yeye bado anajifuta yake, na yake hayakuwa ya kicheko tena.

"Nyamaza basi," nikamwambia. "Nani ajuaye? Mimi na wewe tu."

"Ndiyo hayo ninayoyafikiria," alisema.

Tulipanda mlima jioni ile kimya kimya, na kwa miaka yote ile sikuwahi kupanda naye kimya. Kwenye daraja la magogo alipita amefumbua macho. Sidhani hata alijua anavuka.

Asubuhi alikuja kunigongea mapema, kilemba kipya kichwani. "Twende ukaandike," alisema. "Nimeulala usingizi wangu wote juu ya jambo hili, nao haukutosha hata kufunika miguu." Tukaenda. Alinisomea maneno kwa imla akizunguka ukumbi: mfuko mkubwa umejaa maji, yeye mwenyewe alikosea hapo zamani, na sababu ya kosa ni hii. Lakini ule mdogo ulio jirani na jukwaa uko juu ya maji, mwamba wake ni mzuri, na bomba la kuuunganisha ni fupi. Wauchimbe huo. Mimi nilikuwa naandika kwa kasi, na hatukuwa na ile dawa ya kufutia makosa kwa kuwa mji mzima haikuwapo. Kilichoandikwa kimeandikwa.

Alhamisi afisa hakutokea saa nne, wala saa saba. Alifika kwa Mama Gesi saa kumi, nusu ya gari ni tope na nusu yake nyingine pia. Alikuwa kijana nadhifu, shati limeshachafuka, kiatu kimoja kimefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Shikamoo mama," alisema kwa unyonge. "Uliandika nikifika kanisani nikate kulia. Nimekata kulia makanisa sita. Nimefika mpaka Machame. Huko wamenipa chakula, wamenipa na maziwa, wakataka nibatizwe upya."

"Pole, mwanangu! Ungekata kushoto basi."

Nyumbani tulikuwa tumepika machalari, ndizi kwa nyama, na Mama Gesi alikuwa amemwalika Mkuu wa Shule pia, maana aliona mgeni wa serikali hapokelewi na mwalimu peke yake. Mkuu alikuwa bado njiani, magoti yakimsumbua. Afisa alikula sahani mbili. Ndipo akanawa mikono akafungua taarifa.

Alisoma kimya, na uso wake ukabadilika ukurasa kwa ukurasa.

"Mama, hii siwezi kuipeleka," alisema. "Nimeshawaambia wakubwa. Wewe ndiye uliyeniambia mimi, nami nikawaambia wao."

"Najua. Nilikosea."

"Andika 'huenda'. Neno moja tu. 'Huenda upo ufa.' Nani atabisha? Iko chini ya bahari!"

"Watachimba," alisema Mama Gesi. "Watakuja na chombo kikubwa kutoka ng'ambo, watoboe miezi, wakute maji. Baada ya hapo ukiwaambia kuna kadogo kazuri jirani na jukwaa, nani atakusikiliza? Watafunga kila kitu waende. Na jukwaa litabaki limesimama pale ndege walalie."

"Wakisoma hii hawatakuita tena, mama. Nakwambia kama mwanao."

"Nimeshawaza hayo."

Afisa akashika kichwa. Halafu akageuza ukurasa mwingine, akakunja uso, akaanza kusoma kwa sauti kama mtu asiyeamini macho yake.

"'Mkuu wa Shule ni mkubwa sana kwa umbo na kwa mbali anavutia, lakini ndani amejaa maji. Hakuna faida yoyote kumchimba.'"

Katika haraka zangu za Jumatano nilikuwa nimeandika majina yetu ya mzaha badala ya herufi zao. Nikageuza shingo kumtazama Mama Gesi, nikaona yeye haniangalii mimi. Anaangalia mlangoni. Mkuu wa Shule alikuwa amesimama pale na fimbo yake, mwavuli unachuruzika, na amesikia kila neno.

Afisa akanyanyua kichwa kutoka kwenye karatasi.

"Endelea," alisema Mkuu. "Na Mpishi je?"

Afisa, maskini, hakujua kinachotokea. Akatii, kama wote walivyomtii mama yule. "'Mpishi ni mdogo, lakini ana gesi safi, naye yuko karibu. Aunganishwe mara moja.'"

Mkuu akaingia ndani, akaketi, akaweka fimbo katikati ya magoti. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani amepandwa na ghadhabu. Kumbe yule mama, ambaye kwa miaka yote ile sikuwahi kuyaona meno yake ya nyuma, alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, kisha kwa sauti kama lori linalopanda mlima, na sisi wote tukafuata, afisa naye, bila kujua tunacheka nini, mpaka tulipomweleza akacheka upya peke yake.

Alipopata pumzi, Mkuu alimwuliza Mama Gesi: "Hayo uliyoandika, ni kweli?"

"Ni kweli, Mkuu."

"Ni maji tu?"

"Ni maji tu."

"Basi nimejaa maji." Akamgeukia afisa. "Baba, peleka karatasi kama ilivyo. Mimi nimefundisha watoto wa watu hesabu miaka mingi. Aliyekosea akafuta mwenyewe, sisi humpa alama."

Afisa aliondoka na taarifa ile ndani ya shati lake ili isilowe. Majina niliyafuta baadaye? La. Hapakuwa na cha kufutia. Aliahidi atayakata kwa kalamu njiani.

Alivyotabiri afisa ndivyo ilivyokuwa. Likizo iliyofuata sanduku halikuja. Wala iliyofuata. Mama Gesi alifundisha jiografia, akalima kahawa, akakamua ng'ombe. Kiboriloni walipomuuliza kuhusu ile kubwa alisimama katikati ya soko akawaeleza habari za mkunjo, kwa mikono na kwa khanga iliyokunjwa, tena na tena, na kila mara alijicheka kuliko walivyomcheka. Mara moja tu nilimkuta darasani peke yake baada ya vipindi, amechora ubaoni meza ya miguu mirefu ndani ya maji, na chaki imesimama mkononi. Aliposikia hatua zangu akafuta haraka. "Nilikuwa najaribu kukumbuka ina miguu mingapi," alisema.

Miaka ikapita. Barua ilikuja kwa jina lake, ya mkono, kutoka kwa yule afisa. Wataalamu wengine walikuwa wamezisoma karatasi upya na kukubali kwamba ule mkubwa ni maji. Walichimba ule mdogo wa jirani. Gesi ilitoka. Kisima kimefungwa kwa koki, kinangoja bomba, na bomba linangoja mambo mengine. Mwisho wa barua aliandika kwamba ofisini mpaka leo wanauita Mpishi, kwa sababu alisahau kukata jina hilo moja. Mama Gesi alinisomea barua ile tukiwa njiani, akanisomea tena, kisha akaimba njia nzima, na yeye sauti hakujaliwa.

Baadaye mume wangu alipata kazi katika mashamba ya miwa kule chini, nikahamia huko, tukaonana kwa nadra. Mara yangu ya mwisho kumtembelea alikuwa ameshastaafu. Nilimkuta nyuma ya zizi, gumboti miguuni, amejaa samadi mpaka kwenye viwiko, anafurahi kama bibi harusi.

"Umekuja leo! Kati ya siku zote, umekuja leo!"

Alikuwa amejengewa shimo la kugeuza samadi kuwa gesi, kitu kipya siku hizo huku mlimani. Samadi na maji vinaingia huku, vinachacha ndani ya shimo lililofunikwa, na gesi inatoka kwa mpira mpaka jikoni. Fundi alikuwa amemaliza wiki kadhaa nyuma, na shimo lilikuwa limengoja kujaa. Jikoni kulikuwa na jiko dogo la chuma juu ya mawe, sufuria ya maziwa juu yake, na majirani wanane wamebanana ukutani, tayari kukimbia.

Akanipa kiberiti. "Washa wewe. Mikono yangu ni samadi tupu."

Akafungua koki. Nikasikia mlio mdogo, kama mtu anayemnyamazisha mtoto. Nikawasha. Ikasema *puf*, akina mama wakapiga kelele, na moto ukakaa pale, wa bluu, mfupi, mtulivu, bila moshi hata kidogo.

Mama Gesi hakupiga kelele. Alichuchumaa mbele ya jiko, mikono ya samadi kwenye mashavu.

"Ulaya niliiona ikiwaka juu ya majukwaa yao," alisema. "Ndimi kubwa, unaziona toka mbali. Nilikadiria ya kwao, nikakadiria ya kwetu, nikaandika taarifa sijui ngapi. Ya kwetu sijapata kuiona ikiwaka, Mama Manka. Hii ndiyo ya kwanza."

Tukachuchumaa wote. Kila mtu alitazama moto na hakuna aliyetazama maziwa. Yakapanda, yakafurika, yakamwagika kote juu ya jiko, na moto ukazimika kwa kuzomea. Tukalipuka kucheka, wanawake kumi jikoni, mmoja akimsukuma mwenzake, maziwa yakitiririka mpaka miguuni mwetu, na yeye akicheka kuliko wote huku akipapasa koki aifunge.

Aliyafuta maziwa kwa upindo wa khanga yake mwenyewe. Akaweka sufuria nyingine. Nikamwonyesha kiberiti: njiti zilikuwa zimebaki tatu, na dukani hazipo.

"Washa," alisema, akafungua koki.